Aliyeipasha Moto Ngoma

Mpwa wangu ni fundi wa magari mjini Dodoma, na anapenda muziki ambao wazee wenzangu wakiusikia hudhani kuna gia inasagika. Wenyewe wanauita hevi metali, yaani chuma kizito. Magitaa ya umeme yanakwaruza, ngoma zinakwenda kasi kama mvua ya mawe juu ya bati, na mwimbaji hanyanyui sauti bali ananguruma. Jumapili moja alikuja kunisalimia, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema, “Mjomba, leo nimekuletea sinema.” Alikuwa nazo kwenye simu yake. Tulikaa kivulini, akaiegemeza simu kwenye kikombe cha chai, nasi tukatazama. Jumapili iliyofuata akaja tena, na ile ya tatu vilevile.

Hizi hazikuwa sinema za kutungwa. Zilikuwa zile ambazo kwa Kiswahili tunaziita filamu za hali halisi. Nalipenda jina hilo, na nalitilia mashaka pia, kwa sababu ambayo nitaieleza. Swali nililobaki nalo baada ya Jumapili zile tatu ni hili: mtu anapokuja kututazama na kutuonyesha kwa wengine, tunamdai nini? Na sisi tunaosimama katikati, wenyeji wa kumwongoza mgeni, tunadaiwa nini na wale tunaowapeleka mbele ya kamera?

Nianze na zile filamu. Ya kwanza inaitwa Global Metal, ya mwaka 2008. Walioitengeneza ni Wakanada wawili, Sam Dunn na Scot McFadyen. Dunn alisomea elimu ya binadamu na mila zao, naye ni mpenzi wa muziki huo tangu utotoni. Katika filamu hiyo wanakwenda Brazil, Japani, India, Uchina, Indonesia, Israeli na Dubai, na kila wanakofika wanawakuta vijana wenye nywele ndefu na fulana nyeusi wanaopiga muziki uleule kwa sababu zao wenyewe. Ya pili, Heavy Metal in Baghdad ya mwaka 2007, inawafuata vijana wa Irak wa bendi iitwayo Acrassicauda, waliojaribu kupiga muziki mjini Baghdad wakati wa vita hadi wakalazimika kukimbilia Syria, kisha Uturuki, na mwishowe Marekani.

Kisha tukaja barani kwetu. Death Metal Angola, ya mwaka 2012, imepigwa Huambo, mji uliobomolewa na vita vilivyokwisha mwaka 2002. Yupo mama mmoja, Sonia Ferreira, anayelea watoto yatima, na mwenzake Wilker Flores, mpiga gitaa. Hao wawili wanahangaika kuandaa tamasha la kwanza la roki la nchi nzima. Nyingine ni March of the Gods, ya mwaka 2014, kuhusu vijana wa Botswana. Hao wanavaa ngozi kuanzia kofia hadi viatu, na minyororo na misumari juu yake, wakitembea katika jua kali la nchi yenye ng'ombe wengi na mvua chache. Niliposema kwamba nchi ile inafanana na yetu, mpwa wangu akacheka. “Ndiyo maana nimekuletea, Mjomba,” akasema.

Msomaji asidhani kwamba mzee nimegeuka mpenzi wa muziki huo. Masikio yangu bado yanauma. Lakini nilijifunza kwamba una asili yake kama kitu kingine chochote. Bendi inayotajwa kuwa mwanzo wake, Black Sabbath, ilianzishwa mwaka 1968 Birmingham, mji wa viwanda. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa kijana wa miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha mabati, na mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akalegeza nyuzi zake ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea zikatoa sauti nzito, na uzito ule ukawa alama ya muziki mzima. Nilipoelezwa hayo niliacha kuuita kelele. Muziki uliotoka katika vidole vilivyokatwa na mashine ni muziki wa watu wenye habari ya kusema. Tena, tusijione tuko mbali sana na mambo hayo. Freddie Mercury, mmojawapo wa waimbaji wakubwa waliowahi kutokea katika roki, alizaliwa Unguja mwaka 1946.

Sasa nirudi kwenye jambo lililonigusa. Filamu za namna hii, hata zile zenye heshima, zina mshangao ndani yake. Mgeni anafika mahali pa mbali, anamkuta kijana anapiga gitaa kama wanavyopiga kwao, na uso wake unasema: kumbe na hawa! Ni mshangao wa furaha, sikatai. Lakini mtu hushangaa pale tu alipokuwa ametarajia kingine. Kijana wa Botswana aliyevaa ngozi anastahili filamu kwa sababu mtazamaji wa ng'ambo alikuwa amemwekea vazi jingine akilini mwake kabla hajamwona.

Sisi wa Dodoma tunazijua filamu za namna nyingine, ambazo mshangao wake umeelekea upande wa pili. Muziki wa Wagogo umewavuta wageni wenye vinasa sauti na kamera kwa miaka mingi. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika akirekodi mwaka 1950, Wagogo ni miongoni mwa watu aliowanasa. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma katika mkoa huu, alichukuliwa na Mwalimu Nyerere kwenda kupiga na kuimba kwa niaba ya taifa. Akaishi Bagamoyo, akasafiri dunia nzima na ilimba na zeze lake, na mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu yake iitwayo Chibite. Alifariki Desemba 2003. Mtaalamu wa Hispania, Polo Vallejo, alisoma uimbaji wa Wagogo kwa miaka mingi, na mwaka 2011 yeye na wenzake walitoa filamu Africa: The Beat, iliyopigwa katika kijiji cha Nzali. Siwasemi hao kwa ubaya. Wengi wao walikaa, walijifunza, na walipenda walichokisikia. Nasema kuhusu hamu inayowafanya watu wa mbali waketi kuzitazama kazi za namna hiyo. Wakitazama Wagogo, wanataka kusema: kumbe hawa si kama sisi! Wanataka sauti ambayo haijaguswa na redio, na mguu ambao haujaguswa na kiatu.

Basi kuna mizani mbili. Katika mizani ya kwanza Mwafrika anapendeza kwa kuwa amefanana na mgeni. Katika ya pili anapendeza kwa kuwa hakufanana naye. Lakini jiwe la kupimia ni lilelile, na jiwe hilo ni mgeni mwenyewe. Hakuna mizani hata moja inayomuuliza mpimwaji ana uzito gani nyumbani kwake.

Ningeweza kuishia hapo, nikawalaumu wageni, na wengi wangenipigia makofi. Ni lawama rahisi. Lakini mpwa wangu alikuwa ameketi kando yangu, na mimi na yeye tuna jambo la zamani ambalo halikuwahi kuzungumzwa.

Mwaka 1999 walikuja wageni waliotaka kupiga picha za ngoma ya muheme. Nilikuwa mwalimu, nikijua Kiingereza kidogo, na mama mkubwa wangu, dada yake mama, alikuwa mpigaji anayejulikana katika kijiji chetu upande wa mashariki ya mji. Kwa msomaji asiyeijua, muheme ni ngoma ya wanawake. Kwetu wanawake ndio wenye ngoma hizo. Huzibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, na mpigaji hodari huirusha ngoma kama mtu anayecheza na mtoto. Nikawapeleka wageni kwa mama mkubwa. “Mbukwa,” wakasema, kama nilivyowafundisha njiani, na akina mama wakafurahi sana.

Maandalizi yalipoanza, wageni wakaniambia kwa adabu kabisa kwamba picha ingependeza zaidi bila saa ya mkononi aliyokuwa nayo mama mmoja, na bila kandambili. Nikatafsiri, akina mama wakavua bila neno. Kisha wakaniambia kwamba yule mtoto pale kando ya moto, fulana yake inaharibu picha.

Mtoto yule ndiye huyu mpwa wangu, mjukuu wa mama mkubwa kwa binti yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alivaa fulana nyeusi ya mitumba, kubwa hadi magotini, yenye picha ya fuvu na maandishi yaliyochongoka kama miiba ya mkakaya. Hakujua ni ya bendi gani, wala mimi sikujua. Ilikuwa fulana tu, iliyotoka kwenye robota pale sokoni, na ndiyo nguo safi aliyokuwa nayo. Wageni hawakuniambia nimfukuze. Walisema tu fulana inaharibu picha. Mimi ndiye niliyemwendea na kumwambia kwa ukali aondoke, aende nyuma ya ghala, na asionekane mpaka nimwite. Aliniangalia, akaweka chini kijiti alichokuwa ameshika, akaenda.

Nilifanya na jingine. Mama mkubwa alipomaliza wimbo wa kwanza, wageni waliniuliza unahusu nini na ni wa zamani gani. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe. Aliutunga baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, zilipolisomba shamba lake la mtama bondeni baada ya mwaka uliotangulia kulikausha. Ulikuwa na utani mkali ndani yake: alimwambia Mungu kwamba anayeombwa kikombe cha maji hapaswi kumwaga mtungi mzima. Watu waliokuwepo walicheka mahali pa kuchekea. Mimi nikawaambia wageni kwamba ni wimbo wa kale wa mababu, wa kuomba mvua. Nao wakaandika hivyo. Niliona kwamba ndilo jibu walilolipenda, na nyuso zao ziling'aa, na mimi nilipenda zing'ae.

Leo, nikiwa nimetazama filamu za wale vijana wa gitaa, naona vizuri zaidi nilichokifanya. Kijana wa Huambo au wa Baghdad anaulizwa jina lake, anaulizwa ametunga nini, anaulizwa kwa nini. Anajibu kama mtu mwenye akili yake na majuto yake. Mama mkubwa nilimjibia mimi. Nilimpokonya utunzi wake nikawapa mababu, ambao hawakuuhitaji. Neno lenyewe “asili” tunalolitumia kwa heshima kubwa, muziki wa asili, ngoma ya asili, laweza kuwa njia ya adabu ya kumwambia mtu kwamba alichokiimba hakikutoka kichwani mwake.

Na mwanawe wa binti yake nilimpokonya mahali pake. Hebu fikiri: laiti wangekuja siku ile wale wageni wa aina ya pili, wa filamu za hevi metali, wangemshangilia mtoto yule! Mtoto wa Kigogo, vumbi miguuni, fuvu kifuani. Wangemsimamisha katikati ya picha. Na huenda wangeniomba kwa adabu kabisa nimwambie bibi asogee pembeni na ngoma yake. Nami, kwa jinsi ninavyojijua, ningetafsiri.

Watu wawili hao walikuwa wa ua mmoja na chungu kimoja. Hakuna aliyekuwa uongo. Uongo ulikuwa kumtoa mmoja ili mwingine aonekane kweli.

Nikiendelea kufikiri naona pia kwamba mpaka tuliouchora kati ya bibi na mjukuu haukuwa na msingi hata kwa upande wa sauti. Ilimba ya Wagogo ni chombo cha chuma. Funguo zake ni vipande vya chuma vilivyofuliwa bapa, na kwenye tundu la sanduku lake mafundi hubandika utando wa buibui ili sauti isitoke safi, bali itoke na mtetemo unaovuma. Mtetemo huo si kasoro. Bila huo wenyewe husema ilimba haijakamilika. Nilipomweleza mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba wapiga gitaa wa muziki wake nao wana kifaa cha kuichafua sauti makusudi, na kwamba gitaa lenye sauti safi kwao ni kama mboga isiyo na chumvi. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yametoka shina moja. Nasema tu kwamba watu wa Birmingham na watu wa Ugogo, kila mmoja kwake, walifikia uamuzi kwamba dunia hii si safi na muziki wake usijifanye safi.

Hata mashtaka yanayoletwa dhidi ya bibi na mjukuu ni yaleyale. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na kwa vizazi kadhaa Wakristo wengi wa Ugogo walifundishwa kwamba ngoma ni mambo ya gizani. Leo kwaya zetu zinaimba kwa mahadhi ya Kigogo na ngoma zinalia kanisani, na hakuna anayeshtuka. Lakini mpwa wangu akivaa fulana yake ya fuvu, mama mchungaji anamwambia kwamba muziki ule ni wa shetani. Shetani huyu ana desturi ya kuhamia kila mara kwenye kile ambacho vijana wanakipenda.

Serikali nayo ilipita njia hii. Desemba 1962, alipokuwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilalamika bungeni kwamba wasomi wetu wanazijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao, akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lalamiko lake lilikuwa la haki. Tulikuwa tumefundishwa kujionea aibu. Lakini dawa ikizidi huwa sumu, na mwaka 1969 mjini Dar es Salaam muziki wa soul ukapigwa marufuku. Vijana wakaambiwa, kama nilivyomwambia mpwa wangu, kwamba wanaharibu picha. Namkumbuka hapa Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ambaye mwaka 1954 alichapisha kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, na ambaye baadaye aliipa Tanzania ngonjera, utanzu ambao mababu zake hawakuujua. Mtu mmoja alihifadhi ya zamani na kuzua mapya. Sijasikia kwamba aliwahi kuambiwa achague moja.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, nilimsomea mawazo haya akanipinga kwa hoja mbili ambazo sina haki ya kuzificha. Ya kwanza, alisema, kila mwenye kamera huchagua. Picha ina kingo nne, na lazima kitu kibaki nje. Hata wewe katika maandishi yako umeacha mambo mengi. Ya pili, bila wageni hao na kamera zao tungekuwa na nini? Wazee wamekufa na nyimbo zao. Kama Tracey asingepita, sauti za mwaka 1950 tungezisikia wapi? Anayeokoa kitu ndani ya nyumba inayoungua huwezi kumlaumu kwa kuacha vingine.

Hoja hizi ni nzito, na ya pili naikubali yote. Nashukuru kwa kila kanda. Juu ya ile ya kwanza najibu hivi. Kuchagua ni jambo moja, na kugeuza ni jambo jingine. Mpiga picha akiielekeza kamera yake kwa mama mkubwa tu, mtoto akabaki nje ya kingo, amechagua, na mtazamaji mwenye akili anajua kwamba nje ya kingo kuna dunia. Lakini mtoto akiondolewa uani, saa ikivuliwa mkononi, na wimbo wa mwaka jana ukiitwa wa kale, basi waliotazamwa wamelazimishwa kuwa watu wengine ili watazamwe. Kuchagua hakumpunguzii mtu kitu. Kumgeuza kunampunguzia hata baada ya mgeni kuondoka, kwa sababu amekwisha kuambiwa na mtu wa kwao kwamba jinsi alivyo hapendezi.

Je, ipo namna nzuri ya kuja? Naamini ipo. Mwaka 2008 ilitoka filamu iitwayo Throw Down Your Heart, jina lililotokana na maana inayotolewa ya Bagamoyo. Béla Fleck, Mmarekani mpiga banjo, alikuja Afrika akijua kwamba banjo yake ina asili ya huku, akapita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Hapa kwetu alikutana na Anania Ngoliga, mpiga ilimba asiyeona. Kinachonipendeza ni kwamba mgeni yule alikuja na chombo chake. Mtu mwenye chombo hawezi kutazama tu. Lazima apige, na akipiga anaweza kukosea mbele ya wenyeji, nao wakamsubiri au wakamcheka. Baadaye Ngoliga naye alikwenda Marekani kupiga na Fleck, na John Kitime akiwapo na gitaa lake. Hapo mgeni alitembelewa. Nadhani hicho ndicho kipimo ninachokitafuta: anayekutazama awe tayari kutazamwa nawe.

Sam Dunn naye, kwa haki, ana kitu cha namna hiyo. Anakwenda kwa wapenzi wa muziki wake akiwa mmoja wao, na anayapenda wanayoyapenda. Mshangao wake una undugu ndani yake. Lakini undugu wa namna hiyo una hatari yake: huwa unamwona ndugu mahali pale tu anapofanana nawe. Bibi wa yule ndugu, aliye nyuma ya ghala, nani atamwita?

Sasa nimalizie deni langu.

Jioni ile ya mwaka 1999, wageni walipokwisha kuondoka, mama mkubwa aliniita. Nilidhani ananiita kuhusu zile kandambili, nikaanza kueleza kwamba wageni wana taratibu zao. Akanikatiza. Alisema kandambili si kitu, mtu akienda ngomani huvaa na huvua. Kisha akaniuliza swali moja tu: “Ngoma tuliyopiga leo, aliipasha moto nani?”

Nilikuwa nimesahau, au sikuwa nimetazama. Ngozi ya ngoma hulegea, hasa asubuhi, na lazima ipashwe motoni ikaze ndipo itoe sauti. Kazi ile ina ujuzi wake: ukiiacha mbali haikazi, ukiisogeza sana inapasuka. Yule mtoto ndiye aliyekuwa akiifanya tangu alfajiri, kwa sababu bibi yake alimwamini. Kile kijiti alichokuwa ameshika nilipomfukuza kilikuwa cha kuchochea moto. Nilisikia swali la mama mkubwa, nikaona ni manung'uniko ya mzee, nikanyamaza. Mwaka uliofuata wageni walituletea kanda, kama walivyoahidi. Katika wimbo wa tatu sauti ya ngoma kubwa inashuka, inakuwa ya kufa kidogo. Nilidhani ni kinasa sauti. Mama mkubwa alifariki mwaka 2008, na hatukulizungumza tena.

Jumapili ile ya tatu, filamu ya Botswana ilipokwisha, nilimwambia mpwa wangu kwamba nina jambo la kumwomba radhi. Si desturi ya mjomba kumwomba radhi mpwa wake, na alianza kunizuia, lakini alipoelewa ni siku gani ninayoizungumzia alinyamaza akaniacha nimalize. Nilimwambia yote, pamoja na lile swali la bibi yake, ambalo hakuwahi kulisikia.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Mjomba, mimi nilikuwa nyuma ya ghala nasikiliza. Wimbo wa tatu nilisikia ngoma imeanza kupoa. Nilitaka kuja kuwaambia, ila ulisema nisionekane.”

Akaichukua simu yake, akaipangusa vumbi kwa ile fulana nyeusi aliyokuwa ameivaa, akaniuliza kama ile kanda ya bibi bado ninayo. Ninayo. Amesema anamjua mtu mjini mwenye mashine ya kuzihamisha kanda za zamani, na wiki ijayo atakuja kuichukua. Nimemwomba kwamba mahali penye jina la ule wimbo wa kwanza, waandike jina la mtunzi.